Usikikunje Kikiwa na Maji: Kukinga Kisu cha Kaboni na Kutu

Kisu cha kukunja chenye bapa la chuma cha kaboni huharibika zaidi kwa njia moja. Kinakata, kinafutwa ubavuni haraka haraka, kinakunjwa, kinarudi mfukoni. Ubavu umekauka kweli, lakini tone limebaki kwenye bawaba, pale bapa linapozungukia, na jingine limejibanza ndani ya mfereji wa mpini. Siku mbili baadaye kinagoma kufunguka, na ukikilazimisha kinatoa unga mwekundu. Kutu ya visu hivi huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana karibu yote nitakayoyasema hapa yanarudi kwenye sharti moja: kisikunjwe kabla hakijakauka mpaka ndani. Mafuta, nta na siki vitasaidia, na nitavieleza, ila hakuna mafuta yanayookoa kisu kilichofungiwa maji tumboni.

Madukani vimejaa visu visivyoshika kutu, kwa hiyo ni haki kuuliza kwa nini mtu ahangaike na hiki. Jibu ni makali. Bapa la kaboni lililokazwa vizuri kwa moto linanoleka kwenye jiwe lolote la kawaida, kwa dakika chache, na linapata makali membamba yanayoingia kwenye ganda la chungwa bila kusukumwa. Anayechonga mbao, anayepandikiza miembe au anayekata kamba kila siku anaujua utamu huo, na ukishauzoea ni vigumu kurudi nyuma. Chuma chenyewe nacho si kigeni kwetu. Panga na jembe ni jamaa zake wa karibu, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi wafua chuma wa Kagera, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walivyopata chuma chenye kaboni katika tanuri zao za udongo.

Mfano wangu utakuwa Opinel, kisu kilichobuniwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na kinachotengenezwa hadi leo. Kinauzwa kwa bapa la aina mbili, la kaboni na lisiloshika kutu, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye bapa kabla ya kulipa. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5. Nakipendelea kama mfano kwa sababu hakina siri: bapa moja, mpini wa mbao, msumari mmoja wa bawaba, na pete ya kufungia iliyoongezwa mwaka 1955. Mambo mengi nitakayosema yanafaa pia kwa kisu alichokufulia mhunzi wa sokoni kutokana na springi ya gari, mradi nacho kinakunjwa.

Tuangalie kwanza adui. Bapa la namna hii ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 0.6 na 1. Chuma kisichoshika kutu kina kitu cha ziada, madini ya kromi, yasiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo hujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi ikichubuka inajirudisha yenyewe. Kisu chako hakina ngozi hiyo. Hata vyuma vya kutengenezea zana, vile vinavyopewa majina ya herufi na namba, havikupi kinga kubwa. O1 kwa kawaida ina kromi ya nusu asilimia tu. D2 ina takriban asilimia 12, na wauzaji hupenda kuitaja hesabu hiyo, lakini sehemu kubwa ya kromi hiyo imefungamana na kaboni katika chembe ngumu na haiko huru kulinda uso wa chuma. D2 inachelewa kupata kutu, lakini inaipata.

Ili kutu iote panatakiwa maji na oksijeni. Chumvi ikiongezeka, kazi inakwenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaoendesha ulaji huo wa chuma. Maji yenyewe si lazima uyaone. Unyevu wa hewa ukishapita asilimia 60 hivi, uso wa chuma hukusanya utando mwembamba wa maji unaotosha. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam hupita kiwango hicho siku nyingi za mwaka, na wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Ongeza upepo wa bahari wenye chumvi. Ongeza jasho, maana mfuko wa suruali mchana wa joto ni chumba chenye mvuke wa chumvi. Aliye Nairobi au Njombe ana nafuu, lakini asijisahau anaposafiri kwenda pwani na kisu kilichozoea hewa isiyo na chumvi.

Lipo pia tatizo la viyoyozi, linalowahusu hasa ndugu zetu wa Muscat na Dubai. Kisu kilicholala usiku kucha kwenye chumba cha baridi, au kwenye gari lenye kiyoyozi, kikitolewa ghafla kwenye hewa ya Julai kinafunikwa na umande palepale, ndani na nje. Kiache kipate joto la nje kwanza kikiwa wazi, kikaushe, halafu ndipo ukifunge.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe ya kila siku, ambayo ikishakuwa mazoea haichukui hata dakika mbili. Ukimaliza kukata, futa papo hapo. Usisubiri umalize kula. Maji ya ndimu, nanasi na embe yana asidi, na asidi huanza na makali kabla ya ubavu, kwa kuwa makali ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Kisu chaweza kuwa butu kwa kuliwa na asidi ya matunda usiku mmoja bila wewe kuona doa hata moja. Wengi hulaumu chuma kuwa kibovu, wakati makali yao yaliachwa na maji ya ndimu.

Tembea na kipande cha kitambaa cha pamba. Fulana kuukuu inatosha. Shika bapa kwa upande wa mgongo na futa kutoka mgongoni kwenda makalini, usitelezeshe kidole kufuata makali. Ukipata maji safi, suuza bapa kwa maji kidogo, makali yakielekea chini, na mpini ukiwa juu ili maji yasiteremkie kwenye bawaba. Usikitumbukize kizima kwenye beseni la vyombo. Mpini wa mbao ukinywa maji huvimba na kulibana bapa, na hapo unakuwa na matatizo mawili kwa pamoja. Angalia pia ni maji gani unayotumia. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi kidogo, yale yanayofanya sabuni isitoe povu. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au maji ya kunywa.

Baada ya kufuta, kiache wazi. Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa kuwa kisu kilichofunguliwa kinaonekana kama kazi ambayo haijaisha. Kiweke juu ya kabati, mbali na watoto, nusu saa au zaidi, bapa likiwa nusu wazi ili hewa ipite kwenye mfereji wa mpini. Kwenye mvua nyingi, kiweke mbele ya feni. Pitisha kona ya kitambaa kikavu kwa kijiti cha meno ndani ya mfereji, maana huko hukusanyika vumbi la mfukoni, na vumbi hilo hunywa maji na kuyahifadhi. Usikikaushe juu ya jiko la mkaa. Ugumu wa bapa unategemea jinsi lilivyopashwa moto mara ya mwisho na mtengenezaji, mara nyingi katika nyuzi kati ya 175 na 230 za Selsiasi, na moto wa jiko unapita hapo kwa urahisi. Ukiona rangi ya bluu imetokea makalini baada ya kukianika motoni, ujue sehemu hiyo imelainika, na haitarudi kwa kunoa.

Mafuta yanafuata, na kuna upotoshaji mwingi juu yake. Kwa kisu cha matunda na chakula, chaguo langu la kwanza pwani ni mafuta ya nazi. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyoharibika upesi hewani, kwa hiyo hayageuki gundi mapema. Hakikisha tu yameiva. Mafuta yaliyopikwa nyumbani yakiepuliwa mapema hubaki na maji, na utakuwa unapaka kutu kwa mkono wako. Yapashe mpaka yaache kutoa mapovu, yaache yapoe, ndipo uyatumie. Chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, jambo ambalo halina madhara. Mafuta ya alizeti ndiyo yale ambayo baada ya wiki chache yanakuwa ulimbo wa manjano kwenye bawaba. Nakushauri uyaache jikoni.

Parafini ya kunywa, ile inayouzwa duka la dawa kwa wenye choo kigumu, ni nzuri zaidi hata ya nazi kwa kisu cha chakula: haina ladha, haiozi, haigandi. Msomaji wa Kenya awe mwangalifu sana hapa, kwa sababu parafini ya kituo cha mafuta ni mafuta ya taa, ambayo ni sumu kwa tumbo. Mafuta ya taa yana kazi yake nyingine: yanayeyusha ulimbo wa zamani kwenye bawaba. Dondosha kidogo, fungua na kufunga mpaka uchafu utoke, futa, osha bapa kwa sabuni, kausha, kisha weka mafuta safi.

Kwa kisu kisichogusa chakula, mafuta ya cherehani hayana mshindani kwa bei na kwa wepesi wa kupenya. Mafuta ya mgando ni mazito na yanakaa ubavuni muda mrefu, ila usiyajaze kwenye bawaba, yatashika mchanga. Dawa ya kupuliza ya WD-40, iliyotengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, inafaa kufukuza maji kweli, lakini utando unaobaki ni mwembamba na haudumu. Ukiitumia, maliza kwa mafuta mengine. Oili chafu ya gari usiiguse. Ina masizi, asidi na chembe za metali, na inashangaza jinsi watu wanavyoiamini kwa sababu tu ni nyeusi na nzito.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko unavyodhani. Tone moja kwa kila ubavu, lisambazwe kwa kitambaa hadi bapa ling'ae bila kuteleza mkononi. Tone moja kwenye bawaba, kila upande, halafu fungua na funga mara nyingi ili liingie, na ufute linalotoka. Likitoka na wekundu, rudia mpaka litoke safi. Rangi ya tone hilo ndiyo taarifa pekee uliyo nayo kuhusu sehemu usiyoiona, kwa hiyo itazame kila unapopaka. Kiangazi, mara moja kwa mwezi inatosha kwa kisu kinachotumika kidogo. Masika, fanya kila wiki.

Baada ya wiki kadhaa za kazi bapa litabadilika rangi. Litaanza na madoa ya kijivu, bluu kidogo ukikata nyama, nyeusi ukikata ndizi mbichi zenye utomvu. Usiogope na usisugue. Huo ni utando wa giza ambao wapenzi wa visu huuita patina, na ni rafiki. Kutu nyekundu ni ya vinyweleo, inakaa na maji na inaendelea kula chuma chini yake. Utando wa kijivu au mweusi umeshikamana na chuma na unapunguza kasi ya kutu. Jaribio ni rahisi: pitisha kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikitoka na rangi ya udongo mwekundu, hiyo ni kutu. Kikitoka safi, au na weusi hafifu tu, liache bapa lako lizeeke vizuri.

Unaweza kuuharakisha utando huo, na kwa anayeishi pwani nashauri afanye hivyo siku ya kwanza. Osha bapa kwa sabuni, kisha lifute kwa spiriti ili lisibaki na mafuta hata ya vidole. Pasha siki moto kidogo, isichemke. Kwa kisu kisichokunjwa watu hutumbukiza bapa zima, lakini kwako hilo ni hatari, kwa kuwa siki itapanda hadi bawabani na hutaweza kuitoa yote. Funga bapa kwa karatasi laini iliyolowa siki, uache sentimita moja karibu na bawaba, na ulishike au ulilaze wazi kwa dakika 10 hadi 15. Litageuka kijivu. Fungua, suuza, futa kwa maji yenye magadi kidogo kuua asidi, suuza tena, kausha. Ukitaka weusi uliokolea, rudia kwa chai ya rangi kali iliyopoa. Tanini zake hukutana na chuma na kutoa rangi ya wino. Mwisho, mafuta.

Usilewe na uzuri wake. Patina inapunguza kutu, haiizuii, na maji ya bahari huipita. Isitoshe, kila unaponoa unaiondoa makalini. Makali ya kisu cha kaboni yako uchi daima, kwa hiyo ukitoka kwenye jiwe la kunolea, hasa unaponoa kwa maji, kausha na upake mafuta siku hiyohiyo.

Kutu ikishaonekana, wahi ingali changa. Doa la jana linatoka kwa mafuta na kitambaa kikavu, ukisugua kwa kidole gumba kwa subira. Likigoma, kunja kipande cha karatasi ya alumini, kichovye kwenye mafuta na usugue polepole. Alumini ni laini kuliko bapa lako, kwa hiyo haitalichuna. Kutu iliyokaa inataka msasa wa maji, namba 1000 au zaidi, wenye mafuta. Laza bapa juu ya ubao ili lisiyumbe, na usugue kutoka mgongoni kwenda nje ya makali. Wapo wanaotumia ndimu na chumvi. Inang'oa kutu, sikatai, lakini inapanda chumvi mle mle ulimotaka kuiondoa. Kwenye kisu chenye bawaba sioni sababu ya kuijaribu. Ikiwa kutu imeacha vishimo, ondoa wekundu wote uliomo, jaza mafuta, na uviache. Kuvimaliza kabisa maana yake ni kusaga chuma kizima kinachovizunguka, na bapa la milimita mbili halina chuma cha kupoteza.

Jambo moja la afya, kwa sababu huulizwa sana. Pepopunda haitoki kwenye kutu. Inaletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na kidonda kirefu chenye uchafu ndicho kinachowafaa. Ukijikata kwa kisu kilichotoka shambani, kiwe kinang'aa au kina kutu, osha kidonda kwa sabuni na uulizie chanjo kituo cha afya.

Kuhifadhi kwa muda mrefu kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ala ya ngozi. Ni nzuri kiunoni, lakini ngozi hufyonza unyevu, na mara nyingi imebaki na chumvi za kutengenezea. Kisu kinachokaa humo miezi miwili hutoka na madoa yenye umbo la ala yenyewe. Wa pili ni mfuko wa nailoni, unaofungia unyevu wa siku ile na kuulinda usitoke. Kifute kwa mafuta, kizungushie kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, kiweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya. Silika iliyokwisha kunywa maji haifanyi kazi, kwa hiyo badilisha vifuko. Mpini wa mbao nao usisahauliwe: yeyusha nta ya nyuki na mafuta ya nazi kidogo juu ya maji ya moto, upake ukiwa vuguvugu, na ufute inayobaki. Mbao iliyoshiba nta hainywi maji ya bawaba, na hiyo ni nusu ya ulinzi.

Siku kisu kitakapoanguka baharini, au kikalowa ngalawani, usikifute ukadhani umemaliza. Maji ya bahari yakikauka, chumvi inabaki, na chumvi itaendelea kuvuta unyevu wa hewa kila usiku. Hapa, na hapa tu, vunja kanuni ya kutozamisha mpini: kizamishe kizima kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kifungue na kukifunga humo mara nyingi, mwaga, rudia kwa maji mapya mara mbili au tatu. Kung'ute. Kikaushe wazi mbele ya feni usiku mzima, kivulini na si juani, mbao isije ikapasuka. Asubuhi tia mafuta ya cherehani bawabani mpaka yatoke safi. Kama ni kisu cha chakula, futa hayo kwa mafuta ya taa na sabuni, kausha tena, halafu maliza kwa parafini ya duka la dawa. Siku ya tatu fungua tena, tia tone jingine, na uangalie rangi yake kwenye kitambaa cheupe.